Tusidanganyane: muziki wa RTD usiku tuliusikia kwa kuiba betri

Mtoto wa Tumbaku

Wakuu, heshima kwenu.

Kila nikifungua simu siku hizi nakuta mtu kaweka wimbo wa Mlimani Park au Vijana Jazz, chini yake kaandika "enzi zetu tulikuwa tunakesha na Radio Tanzania", yaani RTD. Nauliza tu kwa upole: alikesha nani? Na betri za nani?

Kwetu ni Urambo, Tabora. Mzee alikuwa mkulima wa tumbaku, na redio aliinunua mwaka mmoja masoko yalipokaa vizuri. National ya betri nne kubwa. Mama akaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, ikawekwa juu ya kabati ambalo mtoto hafiki bila kigoda. Ile redio haikuwa ya familia, ilikuwa ya mzee. Sisi tulikuwa wageni waalikwa. Saa mbili usiku taarifa ya habari, tena ukikohoa unatoka nje. Halafu Mazungumzo Baada ya Habari. Halafu matangazo ya vifo. Halafu, pale tu gita la kwanza linapolia, ka! Kimya. Mzee kazima, anasema "betri."

Muziki kwake ulikuwa uharibifu. Habari ni habari, kifo ni kifo, lakini mtu anayeimba kaachwa na mkewe Dar es Salaam anakula betri yako kwa faida gani?

Na tuelewane, hiyo ilikuwa 1983 na 1984, wakati wa uhaba. Sukari foleni, sabuni foleni, na duka la ushirika likiletewa betri mnapewa mbilimbili, wakati redio inakula nne. Kwa hiyo mbili mpya zinachanganywa na mbili za zamani, redio inaongea kama mtu mwenye mafua.

Sasa mimi na kaka yangu tulikuwa tunaiba. Mzee akianza kukoroma tunapanda kigoda, tunaishusha, tunaingia nayo chini ya blanketi. Sauti tunaifungua kidogo sana, kiasi cha sikio moja lililobandikwa kwenye spika. Sikio moja, watu wawili. Tukawa tunapokezana: yeye ubeti wa kwanza, mimi kiitikio, yeye gita, mimi sehemu ya kucheza. Mpaka leo kuna nyimbo za Sikinde, haohao Mlimani Park, nazijua kuanzia katikati. Mwanzo wake nimekuja kuusikia nikiwa na watoto wangu, YouTube, nikashangaa kumbe jamaa alikuwa analalamika kwa sababu ya msingi kabisa.

Mzee alitukamata kwa njiti ya kiberiti. Alikuwa akishazima anaweka njiti juu ya kile kitufe cha kutafutia stesheni, imelala sawasawa. Asubuhi akaikuta sakafuni. Hakuuliza chochote. Alivunja fimbo ya mpera.

Kwa hiyo swali langu, wakuu: wewe uliyekuwa "unakesha na RTD", ulisikia nini hasa, na ulikilipiaje?

Siti ya Dirishani

Ngoja niagize chai na chapati nije kukaa vizuri. Huu uzi naona una mvua ya masika.

Nyanda wa Nzega

Mkuu, nimecheka kama mazuri. Hiyo njiti, kwetu ilikuwa uzi wa kushonea.

Kuhusu betri mimi nilikuwa injinia kabla sijajua neno injinia. Hatua ya kwanza, anika juu ya bati kuanzia asubuhi, geuza adhuhuri kama dagaa. Hatua ya pili, usiku zilaze kwenye jivu la moto, ila lisiwe la kuunguza. Hatua ya tatu, ng'ata. Usiniulize kwa nini, tuling'ata tu zikabonyea na redio ikaongea dakika kumi. Hatua ya nne ndiyo ya watu wazima: unaokota betri zilizotupwa nyumba jirani, unazipanga sita kwa mstari ndani ya gazeti lililoviringishwa, unakaza kwa mpira wa baiskeli, unavuta nyaya mbili mpaka ndani ya redio. Redio inakuwa na mkia mrefu kuliko yenyewe.

Na zikifa kabisa hazitupwi. Tulikuwa tunazipasua, ule unga mweusi unapelekwa shule kupaka ubao. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa anaandika hesabu juu ya taarifa ya habari ya mwaka jana.

Fundi Sanduku

Nimekuwa fundi redio kuanzia 1978, niruhusuni niseme neno.

Jua halikuchaji hizo betri, Nyanda. Joto liliamsha dawa iliyobaki ndani, ikafanya kazi kwa haraka kidogo kabla ya kukata roho. Ndiyo maana hazikudumu. Ulikuwa unamkimbiza mgonjwa.

Ila nimeona hakuna aliyegusa jambo kubwa la usiku. Mtoto wa Tumbaku, wewe ulikuwa Urambo. RTD wakishapiga wimbo wa taifa na kufunga matangazo, hukuzungusha kile kitufe?

Mtoto wa Tumbaku

Fundi, shikamoo. Umenifikisha mahali ambapo nilikuwa sitaki kufika mbele za watu. Tulizungusha, na ndiyo sababu njiti ilianguka! Tungebaki RTD tusingepigwa.

Tulikuwa tunapata Bujumbura. Watu wanaongea Kirundi, mara Kifaransa, hatuelewi neno, halafu linaanguka gita la Kizaire refu lisiloisha. Inakuja nzuri kabisa, inaondoka kama inabebwa na upepo, inarudi. Kaka yangu alikuwa anasema ni kwa sababu ya ziwa, mawimbi yanaitikisa. Nilimwamini mpaka sekondari.

Fundi Sanduku

Marahaba.

Kaka yako alikosea ziwa lakini mawimbi kapatia. Masafa ya kati mchana hayafiki mbali, kwa sababu kuna tabaka la chini la anga linayameza. Jua likizama lile tabaka linatoweka, mawimbi yanapanda hadi tabaka la juu, yanadunda, yanashuka mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Lile la juu halijatulia, linapanda na kushuka, basi na sauti nayo inakuja na kuondoka. Ndiyo maana usiku uleule mtu wa Kigoma anapata Kongo na mtu wa Moshi anapata Nairobi kana kwamba wako chumba cha pili. Wateja wangu walikuwa wananiletea redio nzima, eti "fundi, mchana inaumwa, usiku inapona".

FM haina mchezo huo. Inakwenda moja kwa moja, mlima ukiikinga imekwisha. Stesheni zimeongezeka, lakini usiku umekuwa mfupi.

Mama Wawili

Mmetaja matangazo ya vifo mkapita haraka kama wanaume mnavyofanya.

Kwetu Mbinga bibi yangu alikuwa hajui kusoma, lakini lile tangazo alilijua kama sala. "Bwana fulani wa Dar es Salaam anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, kilichotokea jana katika hospitali fulani. Habari ziwafikie fulani wa Tunduma, fulani wa Songea, na ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo." Akisikia neno "habari ziwafikie" anaacha kila anachofanya. Kwa sababu hapo ndipo majina yanapotajwa, na mtu akitajwa hapo kafiwa.

Siku moja alikuwa anapukuchua maharage, mimi nimekaa miguuni kwake. Likasomwa jina la kijiji chetu. Mkono wake ukabaki kwenye ungo, haukunyanyuka. Halafu likasomwa jina la babu. Babu alikuwa kafiwa na kaka yake Tanga, mtu aliyeondoka kwenda kukata mkonge hata kabla mama hajazaliwa. Miaka yote ile hapakuwa na barua. Tangazo moja, pumzi moja, na msomaji keshahamia kwa wafiwa wa Shinyanga. Bibi akaniuliza, "Kasema Tanga sehemu gani?" Sikuwa nimesikia. Tukasubiri labda lingerudiwa usiku ule. Halikurudiwa.

Alizikwa hatujui wapi. Kwa hiyo baba wa mtoa mada namwelewa sana kutunza betri zake kwa ajili ya hilo.

Mtoto wa Tumbaku

Dada, pole. Kusema kweli sikuwahi kumfikiria mzee kwa upande huo. Nimeuacha uzi tangu jana kwa sababu yako.

Mbishi wa Mtaa wa Pili

Mimi naomba niharibu sherehe. Mnailia stesheni moja ya serikali. Hapakuwa na nyingine! Mpaka Radio One inaanza 1994 ulikuwa huna pa kwenda bara, labda uvizie BBC au Deutsche Welle masafa mafupi. Nyimbo zilipitiwa mashairi kabla ya kurekodiwa, ukiimba lisilopendeza halitoki. Mtu aliyekula ugali na mlenda miaka thelathini asituambie mlenda ndio mboga bora duniani. Hakuonja nyingine.

Mzee wa Msondo

Mbishi, kijana wangu, la kupitiwa mashairi ni kweli na sikubishii. Lakini jiulize, bila studio ya RTD pale Barabara ya Pugu bendi zingerekodia wapi? Mitambo ya kufyatua santuri haikuwepo hapa, ilikuwa Nairobi. Aliyeweza nauli alivuka mpaka. Mbaraka Mwinshehe santuri zake zilitoka huko, na ajali iliyomuua Januari 1979 ilimkuta Kenya, njia ya Mombasa. Wengine wote walisubiri zamu ya RTD. Mnaingia bendi nzima, mnapiga kwa pamoja, mpiga tarumbeta akikosea mnarudia wote kuanzia mwanzo. Ule mkanda unabaki maktaba ya redio. Ndio huohuo mnaousikia leo YouTube na watu mia wanadai ni wao walioupandisha.

Sasa ukitaka kulaumu, laumu hapa: wimbo umepigwa mchana na usiku nchi nzima, mtu dukani anaunasa redioni, anarudufu kaseti, anauza. Mwanamuziki hapati hata ya nauli ya daladala. Nilikuwa nakwenda kwenye maonyesho, namuona mtu ambaye sauti yake iko kila nyumba anaomba sigara.

Halafu nani kasema tulikuwa na stesheni moja kwa hiyo tulikuwa na ladha moja? Nenda kamuulize mtu wa Sikinde kuhusu Msondo. Walitaka kupigana! Mimi nimeipenda bendi moja ikiwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Jina la jumuiya ya wafanyakazi linabadilika, mapenzi yangu yamebaki palepale. Sikinde imeanza 1978, sisi tumeanza 1964. Mtoto hawezi kumzidi mzazi. Naishia hapo kabla sijapandwa na presha.

Nyanda wa Nzega

Hahaha, mzee kaingia kwa katiba, kamalizia kwa ngumi.

Mgogo Halisi

Naomba kuwasilisha malalamiko ya mkoa wa Dodoma, nimeyabeba miaka zaidi ya thelathini.

Mnakumbuka mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza 1993? Dereva wa lori anaitwa Mkwaju, ana mke nyumbani na wanawake kila kituo. Nchi nzima inamjadili. Binamu zangu wanakuja likizo kutoka Morogoro, wanasema "usiwe Mkwaju wewe", wanacheka, mimi nacheka pia ili nisionekane mshamba. Mkwaju namjua ule wa kutia kwenye uji. Narudi kwenye redio, nakaza antena, nafunga waya mpaka kwenye mbuyu. Mkwaju hayupo. Dodoma tunapigiwa vitu vingine kabisa.

Nimekuja kujua ukubwani kwamba ilikuwa makusudi! Ule mchezo ulitungwa kufundisha uzazi wa mpango na UKIMWI, na watafiti walitaka kujua kama kweli unabadilisha watu. Wakahitaji mahali ambapo hausikiki, ili walinganishe. Wakaichagua Dodoma. Tuliupata 1995, wenzetu Mkwaju keshawazoea. Yaani kwa miaka miwili mimi nilikuwa kipimo, na nilikuwa nampiga kofi mdogo wangu nikidhani kachezea redio.

Siti ya Dirishani

Mgogo, hiyo imenitoa machozi. Mkoa mzima mmefanyiwa njiti ya kiberiti.

Mwana wa Likoni

Salamu kutoka ng'ambo ya feri. Mie nimekulia na Sauti ya Kenya, lakini RTD ilikuwa ikiingia Mombasa hasa usiku, kwa hivyo nami nina haki ya kuchangia.

Kwetu kulikuwa na leseni ya redio, jamani. Unalipia kuwa nayo. Babu yangu hakulipa hata mwaka mmoja. Akisikia kuna wakaguzi mtaani, redio inaingia ndani ya pipa la mchele. Ilikuwa ikitoka imejaa vumbi, sauti ya marehemu Mambo Mbotela akiuliza "Je, huu ni uungwana?" yatokea katikati ya punje. Babu hakuona kama swali lile lamhusu.

Lakini la redio kwetu ambalo halisahauliki ni tarehe 1 Agosti 1982. Mbotela huyohuyo, sauti tuliyoizoea ya adabu na mizaha, wanajeshi walimchukua kwake wakampeleka studio, akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Mie nilikuwa mdogo, lakini naikumbuka nyumba. Maneno yalikuwa mageni, sauti ni ya mtu wa nyumbani. Nyanya akasema, "Huyu leo hasemi yeye." Mapinduzi yaliposhindwa ndiyo tukajua alivyosema kweli.

Kijana wa 96

Na sisi wa Radio One na Radio Free Africa mtatuita lini?

Mzee wa Msondo

Subiri uote mvi, mjukuu. Mtangazaji Julius Nyaisanga tulimlea sisi RTD, nyie mlimpokea Radio One akiwa tayari Anko J.

Pweza Mkavu

Naomba kuleta ya mpira, fupi.

1979, Simba wanafungwa 4-0 hapa Dar na Mufulira Wanderers wa Zambia. Baba yangu Simba damu. Anasikiliza redioni, bao la nne linaingia, anainuka, anafungua mfuniko wa nyuma, anatoa betri zote, anakwenda kumuuzia jirani ambaye ni Yanga. Kwa hasira.

Wiki mbili baadaye, mechi ya marudiano Lusaka. Simba 5-0.

Baba alisikia kupitia dirisha la yule Yanga. Betri ni zake, kelele si zake. Mpaka anafariki alikuwa akisimulia kana kwamba kadhulumiwa.

Mtoto wa Tumbaku

Wakuu, nahitaji msaada, Fundi hasa.

Baada ya kusoma uzi huu kaka yangu kanipigia. Anasema 1986 aliazima kinasa sauti cha parokia, akakiweka mbele ya ile redio yetu usiku ili anase nyimbo tusipigwe tena kwa ajili ya betri. Kaseti anayo, iko kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na vyeti vyake. Haijapigwa tangu 1990 na kitu. Nikiitia kwenye deki si itakatika?

Fundi Sanduku

Usiitie! Kwanza angalia kile kisponji kidogo katikati. Mara nyingi kimeng'oka. Kama kaseti ina skrubu tano, ifungue taratibu, uhamishie mkanda kwenye ganda la kaseti nyingine nzima. Kama imegandishwa bila skrubu, mpelekee fundi, usitumie kisu. Halafu uzungushe mkanda wote kwa kalamu, pole, kwenda na kurudi, kabla ya kuupiga, maana tabaka zimeshikana. Kichwa cha deki kisafishe kwa spiriti. Na ukiipiga mara ya kwanza iwe inanaswa hapohapo kwenye kompyuta. Mara ya kwanza inaweza kuwa ndiyo ya mwisho.

Nyanda wa Nzega

Na betri ziwe mpya, tafadhali.

Mtoto wa Tumbaku

Wakuu, nimerudi, zimepita wiki mbili.

Upande A umeoza, ni mvumo tu. Upande B tumepata dakika kumi na moja. Nawaambia mapema kwamba muziki ni kidogo sana, msije mkanilaumu. Kinasa sauti kimekamata zaidi nyumba kuliko redio: mbwa, sufuria, mama akimuuliza mtu kama mlango wa kuku umefungwa.

Kwa mbali redio inaongea kwa chini, ni mwisho wa habari. Halafu msomaji anaanza matangazo ya vifo, na hapo sauti ya redio inapanda ghafla. Nilidhani ni mkanda, nikamuuliza Fundi faragha, akasema hapana, mkanda hauwezi, huyo ni mtu kaongeza. Yanasomwa matangazo saba. Nimeyahesabu. Nyumba yote kimya, hata lile sufuria. Hakuna wa kwetu aliyetajwa.

Mtu anakohoa, linaanza gita la wimbo, sauti inashuka.

Inashuka, Mama Wawili. Haizimwi. Wimbo unaendelea chinichini pale, dakika mbili na kitu, mpaka mkanda unaisha.

Kaka yangu anasema atakuwa alisahau. Mimi nimeusikiliza mara nyingi sasa, na nasikia kiti kinalia kwa kufuata mdundo.

Fundi Sanduku

Nitumie faili tena, nipunguze mvumo tukisikie vizuri hicho kiti.